Mwalimu wa Kiswahili na Mzazi wa Mwanafunzi: Tuzungumzeje?

Kila mwaka Idara yetu huwapeleka wanachuo wa mwaka wa mwisho katika shule za mjini Bujumbura na za mikoani kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Kabla hawajaondoka huwa tumewafunza mengi: kuandaa somo, kugawa muda, kutumia ubao, kuuliza maswali, kusahihisha insha. Wanaporudi tunawauliza ni jambo gani lililowashinda. Zamani tulitarajia wangetaja ngeli za nomino, au darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache. Hayo huyataja, lakini wengi hutaja jambo jingine: mzazi. "Mzazi alikuja, sikujua nimwambie nini, wala nimwambie kwa lugha gani."

Jibu hilo limetufanya tuandike makala haya. Sisi ni Idara ya lugha. Ikiwa mwalimu wa lugha anakosa maneno mbele ya mama wa mwanafunzi wake, basi kuna kitu ambacho hatukumfunza.

1. Barua iliyobebwa na mtoto

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe tulipokuwa tukisimamia wanachuo katika shule moja ya mjini hapa. Msichana wa darasa la saba alikuwa hanakili yaliyoandikwa ubaoni. Daftari lake lilikuwa na mistari miwili mitatu, kisha nafasi tupu. Walimu walimwona mvivu. Shule ikaandika barua fupi ya kumwita mzazi. Barua ilikuwa ya Kifaransa, imepigwa mhuri, na haikutaja sababu. Akapewa mtoto aipeleke nyumbani.

Mama yake, mchuuzi wa ndagala sokoni, hasomi Kifaransa. Akamwambia binti yake amsomee. Binti naye hakuyafahamu maneno yote. Karatasi ya mwisho iliyokuwa imefika nyumbani kabla ya hiyo ilikuwa ya mchango, basi akasema na hii pia ni ya mchango. Mama akauliza ni kiasi gani. Mtoto akataja kiasi kile cha mara ya kwanza.

Wiki tatu zikapita. Shuleni, ukimya wa mama ukahesabiwa kuwa ni dharau. Mtoto akaambiwa asirudi darasani mpaka aje na mzazi. Akawa anatoka nyumbani asubuhi na sare yake, anazunguka, kisha anarudi mchana.

Mwanachuo wetu mmoja ndiye aliyekwenda sokoni kumtafuta mama huyo. Alimsalimia kwa Kiswahili cha mtaani, akamwambia yeye ni mwalimu wa binti yake. Kabla hajaendelea, mama akafungua pindo la kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa. "Mwalimu, niko na nusu yake. Mwambie diregiteri anivumilie hadi mwisho wa mwezi."

Alikuwa akiweka akiba ya mchango ambao hakuna aliyemdai. Walipoelewana, mwanachuo akamweleza habari ya daftari. Mama akasema papo hapo kwamba hata nyumbani binti huyo akitaka kusoma kitu hukileta karibu na pua. Kesho yake mtoto alikaa dawati la mbele, na shule ikamshauri mama ampeleke akapimwe macho. Mazungumzo yote hayakufika hata robo saa.

Kisa hiki kina mambo mengi ya kufunza, lakini sisi tunachukua moja ambalo ndilo kiini cha makala haya: mtoto asifanywe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Anayeshitakiwa hawezi kuwa ndiye anayetafsiri mashitaka. Atapunguza, ataongeza, au atakosea kama alivyokosea binti huyu, na mwisho wake mzazi na mwalimu watachukiana bila kuonana.

2. Mzazi wetu ni nani?

Tukitaka kuelewana na mzazi, sharti kwanza tumjue. Mjini Bujumbura hakuna mzazi wa aina moja. Karibu wote wanajua Kirundi, na barua iliyoandikwa kwa Kirundi rahisi itawafikia wengi. Hata hivyo, wapo ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumba yao.

Kwanza kuna wenyeji wa Buyenzi, na wengi wa Bwiza na mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama. Katika mitaa hiyo Kiswahili ni lugha ya soko, ya msikiti, ya karakana na ya kiwanja cha mpira. Pili kuna wazazi waliotoka Kongo, hasa upande wa Uvira, ng'ambo tu ya mpaka. Hao Kiswahili wanakijua vizuri, ila ni kile cha kwao, chenye "batoto" badala ya "watoto".

Tatu kuna wale ambao sisi walimu huwasahau: Warundi waliolelewa Tanzania. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma katika shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 miongoni mwa jamii hiyo walirudi Burundi. Mzazi wa namna hiyo huenda anasoma gazeti la Kiswahili bila shida, lakini buletini ya mtoto wake, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inamfanya aonekane kama asiyesoma. Tumewahi kumwona baba mmoja akiishika buletini juu chini, akitikisa kichwa kwa adabu. Mwalimu alimhesabu kuwa hajui kusoma. Alipopewa karatasi ya Kiswahili aliisoma hadi mwisho, akasahihisha na kosa moja la tahajia.

Kuna jambo jingine. "Mzazi" si lazima awe baba au mama. Nchi yetu imepita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, kisha katika msukosuko wa mwaka 2015. Watoto wengi wamelelewa na bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa au jirani. Kwa hiyo mwalimu asimwulize mtoto mbele ya wenzake, "Baba yako yuko wapi?" Aulize faraghani, "Nyumbani unakaa na nani?" Swali hili la pili linaleta habari ileile bila kugusa kidonda. Warundi husema, "Umwana si uw'umwe", yaani mtoto si wa mtu mmoja. Yeyote anayempikia mtoto na kumwamsha asubuhi, huyo ndiye mzazi tunayemtafuta.

3. Lugha ipi, na Kiswahili kipi?

Kanuni yetu ni nyepesi: mzazi ndiye anayechagua lugha. Mwalimu aanze na salamu, asikilize jibu, kisha aifuate lugha ya jibu hilo. Mzazi akijibu kwa Kirundi, tuendelee kwa Kirundi, hata kama sisi ni walimu wa Kiswahili. Hatukumwita ili tumpe mtihani.

Akijibu kwa Kiswahili, hapo tunaingia katika jambo la heshima ambalo vitabu vyetu vya sarufi havilitaji sana. Katika Kirundi, mtu mzima huzungumzishwa kwa wingi. Tunasema "Mwaramutse", hatusemi "Waramutse", tunapomsalimu mtu wa kuheshimiwa, hata akiwa peke yake. Kiswahili sanifu tulichojifunza kinatumia umoja: "Umeamkaje? Unaishi wapi?" Heshima yake hukaa kwingine, katika "shikamoo", katika "mzee", katika "tafadhali", katika sauti.

Tuliporudi kutoka masomo ya uzamili nchini Tanzania tulikuwa na Kiswahili sanifu kinachong'aa. Mzazi wa kwanza tuliyempokea alikuwa mama mtu mzima wa Buyenzi. Tukamwuliza, "Unaishi wapi?" Akatutazama, akajibu kwa neno moja, akanyamaza. Baadaye mwenzetu mmoja alituambia kwamba mama yule alisikia "unaishi" kama Mrundi anavyosikia "uba he" kutoka kwa kijana: yaani amezungumzishwa kama mtoto. Utasikia mjini hapa watu wakimwambia mtu mmoja "mumekuja", "muko wapi", "mukae hapa". Kwa mtihani ni kosa. Kwa mama yule lilikuwa ndilo neno la adabu, nasi tulimnyima.

Je, mwalimu wa Kiswahili aseme kinyume cha sarufi anayoifundisha? Sisi tunaona ipo njia ya katikati. Tumia jina la heshima mwanzoni na katikati ya mazungumzo: "Mama", "Mzee", "Mama Fulani" kwa jina la mtoto. Tumia wingi unapozungumzia nyumba nzima: "Nyumbani mmeona nini?", "Mngependa tufanye nini?" Wingi huo ni sahihi kisarufi, na wakati huohuo unalipa deni la heshima. Na mzazi akitumia "mumekuja" au "batoto", usimsahihishe. Kalamu nyekundu ibaki darasani.

4. Kuandika barua

Barua nyingi zinazotoka shuleni zina maneno machache na vitisho vingi. Mfano wake ni huu: "Mzazi unatakiwa kufika shuleni bila kukosa kesho saa 7:30. Usipofika mwanao hatapokelewa." Tuichunguze. Haina salamu. Haitaji sababu. Inampa mzazi siku moja tu, naye pengine hula kwa kile alichouza siku hiyo. Na saa yenyewe ni mtego. Kwa Kifaransa 7:30 ni asubuhi. Kwa Kirundi na Kiswahili saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na "saa saba na nusu" ni mchana. Tumekwisha kuona mzazi akifika mchana, amejitayarisha vizuri, na kukuta mwalimu amekwenda zake, hasa katika shule zenye zamu mbili.

Sasa tuilinganishe na hii:

"Kwa wazazi wa mwanafunzi wetu wa darasa la saba. Amani iwe kwenu. Mimi ni mwalimu wake wa Kiswahili. Mtoto wenu anapenda kusimulia hadithi na wenzake wanamsikiliza. Siku hizi tumeona haandiki yote yaliyo ubaoni, na tungependa kujua kama nyumbani mmeona jambo lolote. Hajafanya kosa, wala hatudai fedha. Tunawaomba mfike shuleni Jumatano au Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi, saa moja na nusu. Mkishindwa, mtupigie simu, au mtume mtu mzima mnayemwamini. Asanteni."

Barua hii ni ndefu kidogo, lakini inajibu maswali manne ambayo kila mzazi hujiuliza akiona karatasi ya shule: Nani ananiita? Mtoto amefanya nini? Je, ni fedha? Nikikosa nafasi, itakuwaje? Sentensi ya "wala hatudai fedha" isiachwe. Tangu mwaka 2005 karo za shule ya msingi ziliondolewa nchini, lakini michango ya hapa na pale imewazoeza wazazi kuiogopa karatasi yoyote yenye mhuri.

Tunapendekeza barua iandikwe kwa Kirundi upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Kazi hiyo haigharimu karatasi ya ziada, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuifanya kwa ajili ya shule nzima. Ikiwa mzazi hasomi kabisa, simu ni bora kuliko barua. Mpigie jioni, baada ya soko kufungwa, na sema kwanza, "Mtoto hajambo, hakuna baya," kwa maana simu ya shule humshitua mtu. Ujumbe wa sauti kwa WhatsApp nao unafaa, kwa kuwa mzazi anaweza kuusikiliza mara mbili. Lakini alama au makosa ya mtoto mmoja yasitangazwe katika kundi la wazazi wote. Aibu ikishasomwa na watu arobaini hairudi.

5. Mzazi anapofika

Mzazi akifika, apewe kiti kabla ya maneno. Wengine hawajaingia shuleni tangu walipofukuzwa wao wenyewe utotoni, na mlango wa ofisi unawakumbusha hayo. Mwalimu asikae nyuma ya meza kama hakimu. Atoe daftari la mtoto, alifungue, waliangalie pamoja. Daftari huonekana hata na asiyesoma: ukurasa uliojaa na ukurasa mtupu havihitaji tafsiri.

Anza na jambo jema, nalo liwe la kweli. Mzazi hutambua sifa ya uongo. Kisha taja jambo ulilowaitia kwa maneno ya yale uliyoyaona, si kwa maneno ya hukumu. "Wiki hii amekuja siku mbili" ni jambo ulilolishuhudia. "Mtoto wako ni mtoro" ni hukumu, nayo humfanya mzazi ama amtetee mtoto bila kufikiri, ama ampige akifika nyumbani. Baadhi ya viboko vinavyopigwa nyumbani vimeanzia katika sentensi ya mwalimu. Hilo tulibebe moyoni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Baada ya kusema, nyamaza. Mpe mzazi nafasi ya kueleza. Yeye anajua mambo ambayo daftari haliyajui: nani mgonjwa, nani amehama, mtoto analala saa ngapi, taa ipo au haipo. Mwisho kubalianeni jambo moja dogo ambalo kila upande utalifanya, kisha baada ya wiki mbili mpelekee habari, hasa ikiwa nzuri. Mzazi aliyewahi kupokea habari njema kutoka shuleni hataikimbia barua ya pili.

6. Mzazi anapouliza: Kiswahili cha nini?

Mwalimu wa Kiswahili ana mzigo ambao mwalimu wa hesabu hana. Huulizwa mara kwa mara faida ya somo lake. Maswali yenyewe ni ya aina mbili, na kila moja lina jibu lake.

Aina ya kwanza ni ya mzazi anayekidharau Kiswahili. Jambo hili lina historia. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 wakaelekea zaidi kwenye Kifaransa na Kirundi, na mapadri wengi wakakiona Kiswahili kuwa ni lugha ya Uislamu. Kikabaki lugha ya mitaa ya wafanyabiashara. Hata leo, katika Kirundi cha kila siku, neno "umuswahiri" linaweza kuwa na maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mzazi aliyekua akisikia hivyo hawezi kushangiliwa shuleni kwa sababu mwanawe amepata alama nzuri za Kiswahili.

Tusimjibu kwa hasira, wala tusimsomee maazimio. Ni kweli Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ni kweli UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini mzazi huyu anataka kujua mwanawe atakula nini. Tumwoneshe vitu vya karibu. Bidhaa nyingi za nchi yetu hupitia bandari ya Dar es Salaam, na madereva, makarani na wafanyabiashara wa njia hiyo huandikiana kwa Kiswahili. Mwombe mtoto amsomee mzazi maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye pakiti ya bidhaa iliyotoka Tanzania. Hiyo ni hoja ambayo mzazi ataisikia katika sauti ya mwanawe.

Aina ya pili ni ya mzazi wa Buyenzi, naye ana swali gumu zaidi: "Mtoto wangu amezaliwa na Kiswahili. Mbona mmempa tisa juu ya ishirini?" Hapa walimu wengi huharibu. Hujibu, "Kwa sababu nyumbani mnazungumza Kiswahili kibovu." Jibu hilo linamtukana mama, nyanya na mtaa mzima, tena si la kweli. Kiswahili cha Buyenzi kina utaratibu wake. Mtoto anayesema "kitabu yangu" hakosi akili. Anafuata upatanisho mwepesi uliozoeleka mjini hapa, wakati shule inadai "kitabu changu".

Mwambie mzazi hivi: "Mtoto ana Kiswahili cha nyumbani, na hicho ni mtaji. Shule inamwongezea Kiswahili cha kuandikia, kinachosomwa Dodoma, Nairobi na Zanzibar. Tunaomba mumwache asome kwa sauti dakika kumi kila jioni, na ninyi mumsikilize." Kwa maneno hayo mzazi hakuvuliwa lugha yake, bali amepewa kazi anayoiweza. Tumeona watoto wa mitaa hiyo wakipanda haraka baada ya mazungumzo ya namna hii, kwani msamiati wanao tayari na kinachobaki ni mpangilio.

7. Jukumu la Idara na la kila mmoja wetu

Tungependa kuona zoezi hili likiingizwa katika somo la mbinu za kufundisha: kila mwanachuo aandike barua moja kwa mzazi kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kisha aigize mazungumzo na mzazi mbele ya wenzake, mmoja akiwa mama aliyekasirika na mwingine baba asiyesema neno. Barua isahihishwe kwa sarufi, na pia kwa swali moja: je, mchuuzi wa ndagala akiipokea saa kumi na moja jioni, ataelewa kwamba hadaiwi kitu?

Walimu ambao tayari mko kazini, msingoje zoezi letu. Wiki hii chagua mwanafunzi mmoja ambaye mzazi wake hujawahi kumwona. Tafuta jambo moja jema kuhusu mtoto huyo. Mpigie mzazi simu, msalimu kwa lugha yake, mwambie jambo hilo, umshukuru, ukate. Usiongeze malalamiko.

Yule binti wa darasa la saba alimaliza mwaka akiwa dawati la mbele. Fedha zilizokuwa kwenye pindo la kitenge, mama alituambia, zilinunua daftari jipya na mafuta ya taa.